Miguu ya Nyuma ya Ng'ombe

Kwa miaka saba Glenda Garside hakusema neno hata moja na Desmond Prowse, na katika shule yenye wanafunzi elfu moja na mia saba jambo hilo halikuwa gumu sana. Glenda alikuwa mkuu wa idara ya hesabu, na madarasa yake yalikuwa ghorofa ya juu, upande wa mashariki. Desmond alifundisha jiografia chini kabisa, upande wa magharibi, amepakana na jikoni, ambako hata ramani zilinuka chipsi. Sekondari ya Skelbeck ilichukua kila mtoto wa mji ule bila kuchagua, wa daktari na wa fundi bomba, mwepesi na mzito, na kengele ikilia korido zilifurika kama siafu waliovurugwa. Mtu mzima akitaka kumkwepa mwenzake humo ndani, anamkwepa mpaka anastaafu.

Kazi ilipowalazimu kuwasiliana, walipitia kwa Pauline, katibu wa shule.

"Pauline, mwambie Bwana Prowse wanafunzi wake wameacha matope kwenye ngazi zangu."

Desmond alikuwa amesimama palepale, akingoja mashine ya kunakili imalize kukohoa. Pauline hakuinua hata macho. "Desmond, matope."

"Mwambie Bi Garside ngazi ni za serikali."

"Glenda, ngazi ni za serikali."

"Nimesikia," Glenda alisema. "Mimi si kiziwi." Akaondoka.

Chanzo cha ugomvi kila mwalimu mgeni alisimuliwa siku yake ya kwanza, pamoja na mahali choo kilipo na kikombe cha nani hakiguswi. Zamani wale wawili walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Ndipo, miaka saba iliyopita, wakaongozana kupeleka wanafunzi milimani kupima mto, Desmond kiongozi, Glenda msaidizi, na mwanagenzi mmoja wa ualimu. Wakati wa kurudi basi lilisimama kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu ili watoto wajisaidie. Mvua ilikuwa inamwagika kama imetobolewa. Basi likaondoka, na Glenda hakuwamo. Koti lake lilikuwamo, mkoba na simu vilikuwamo, yeye mwenyewe alibaki nje amekodoa macho, akitazama taa nyekundu zikimezwa na mvua. Hakuna aliyerudi kumchukua. Aliokolewa na basi la wastaafu waliotoka kupiga kengele za kanisa mji mwingine, wakamwimbisha njia nzima.

Hilo angelisamehe. Binadamu husahau. Lakini Jumatatu yake, kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya walimu tisini na sita, Desmond alisimama akasema, "Ziara ilikwenda vizuri. Hesabu yote ilitimia. Aliyepungua ni mwalimu wa hesabu peke yake." Chumba kizima kikavunjika mbavu. Glenda akainuka, akaosha kikombe chake taratibu, akakifuta, akakifungia kabatini. Tangu siku hiyo hakumpa Desmond hata salamu ya kupishana mlangoni.

Sasa ilikuwa Desemba, wiki moja kabla ya likizo ya Krismasi, na Jumatatu saa ya chakula cha mchana Kerry Tindall alipanda ngazi zote mpaka darasani kwa Glenda. Kerry alifundisha maigizo. Alikuja Skelbeck akiwa mwanagenzi wa ualimu, akaajiriwa, akabaki, na sasa alikuwa na miaka kama thelathini. Mchezo wa Krismasi wa mwaka huo aliutunga mwenyewe: binti wa mkulima anafunga safari na ng'ombe wake, Marigold, kwenda London kumuuliza mfalme kwa nini mvua yote ya nchi inanyesha kwao, Yorkshire. Siku ya Alhamisi mchana watoto mia tatu wa shule za msingi wangekuja kuutazama.

"Nimekwisha, Glenda," Kerry alisema, akajitupa kwenye kiti cha mwanafunzi. "Ng'ombe wangu ana tetekuwanga."

"Ng'ombe?"

"Wale vijana wawili wa mwaka wa pili wanaovaa ng'ombe. Wote wawili, mbele na nyuma. Nahitaji watu wawili wanaolingana urefu. Nimekuja kwako kwa magoti."

Glenda aliendelea kusahihisha. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na jukwaani hakupanda tangu alipokuwa mtoto akiigiza nyota ya Bethlehemu. Lakini Kerry alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyelia chooni, na Glenda alikuwa na udhaifu mmoja asiopenda ujulikane: hakuweza kumwona mwalimu kijana akilia.

"Nusu nyingine ni nani?" aliuliza.

"Bado natafuta."

"Sawa. Nitavaa."

Jioni hiyo, alipoingia ukumbini baada ya kengele ya mwisho, alimkuta Desmond Prowse amesimama kando ya jukwaa, amekumbatia kichwa cha ng'ombe chenye kope ndefu kama fagio. Walitazamana. Kisha wote wawili wakamgeukia Kerry.

"Ulisema unatafuta," Glenda alisema.

"Nikapata," Kerry alijibu, akajifanya anasoma karatasi zake.

Ngozi ya ng'ombe ilikuwa imetandazwa sakafuni, nyeupe yenye mabaka meusi. Ilikuwa na kiwele kilichoshonwa kwa glavu za mpira za kuoshea vyombo, za waridi, zimejazwa pamba, na vidole vyote vitano vimesimama.

"Basi," Kerry alisema, "mmoja anasimama mbele na kichwa. Mwingine anainama nyuma, anashika mkanda wa mwenzake. Nani wapi?"

"Mwambie Bi Garside," Desmond alisema, "daktari amenikataza kuinama. Kiuno changu kimeharibika."

"Mwambie Bwana Prowse kiuno hicho kilikuwa kizima mwezi uliopita alipobeba kreti za bia kwenye sherehe ya Pauline."

"Mwambie Bi Garside kreti hizo ndizo zilizokiharibu."

"Kwa hiyo mimi," Glenda alisema polepole, kama anasoma hukumu, "mkuu wa idara ya hesabu, miaka thelathini na minne kazini, niwe makalio ya ng'ombe."

Ukingoni mwa jukwaa alikaa Zarqa Mahmood, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyepewa nafasi ya binti wa mkulima. Miguu ilikuwa inaning'inia, mkono uko ndani ya pakiti ya viazi vya kukaanga. Alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama anayetazama tenisi.

"Mwalimu," alimuuliza Kerry, "kwani hawa wana ugomvi?"

"Zarqa, kakariri maneno yako."

"Nimeshayakariri. Haya ya kwao ndiyo matamu."

Glenda angeweza kuondoka. Alifikiria kuondoka, akafika hata kushika koti lake. Lakini alikuwa amesema atavaa, na yeye alikuwa mtu wa kusema neno moja. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Bahati mbaya hawakusema lolote kuhusu ng'ombe anayeelemewa na kichwa chake. Alivua viatu, akaingiza miguu kwenye miguu ya nyuma, akainama, akashika mkanda wa Desmond kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya kwa mkia. Kerry akafunga zipu mgongoni.

Mazoezi ya Jumanne yalikuwa balaa. Aliye nyuma haoni kitu. Anategemea sauti ya aliye mbele: kushoto, ngazi, simama. Na Glenda hakukubali kupokea amri kutoka kwa Desmond.

"Ngazi," Desmond alisema.

Glenda akanyamaza, akangoja.

"Ngazi, mwalimu," Zarqa alirudia kutoka pembeni.

Ndipo Glenda alipopanda, ila Desmond alikuwa keshafika juu, na ng'ombe akarefuka kama kiwavi. Walimwangusha mfalme kwenye kiti chake. Waliingia kwenye mti wa kadibodi wakatokea upande wa pili. Siku ya Jumatano Kerry aliomba ng'ombe alie walau mara moja, na ukazuka ubishi wa dakika kumi juu ya mdomo wa ng'ombe ni mali ya nani, ubishi ulioendeshwa wote kupitia kwa Zarqa, naye hakutafsiri kwa uaminifu.

"Bwana Prowse anasema yeye hana sauti nzuri."

"Sikusema hivyo," Desmond alisema.

"Anasema wewe unayo, mwalimu. Anasema tangu zamani alikuwa anaipenda."

"Zarqa," Kerry alisema, "shuka jukwaani."

Alhamisi mchana watoto wa shule za msingi waliingia wawili wawili, wameshikana mikono, wamevaa vizibao vya manjano vinavyong'aa. Ukumbi ulinuka makoti yaliyolowa na machungwa. Walimu wa Skelbeck wasiokuwa na vipindi walijipanga ukutani nyuma kabisa, wengi kuliko kawaida, kwa kuwa habari ya nani yuko ndani ya ng'ombe ilikuwa imeenea tangu Jumatatu. Pauline alifunga ofisi, akaweka kibao mlangoni kwamba yuko kwenye dharura.

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Marigold alitoka akiyumba, watoto wakashangilia. Zarqa alimkumbatia shingoni, akawaeleza watoto kwamba huyu ni ng'ombe mwenye akili sana, ila akili za mbele na za nyuma hazijafahamiana bado. Walimu wa ukutani walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Marigold akaingizwa bandani, mlango ukafungwa.

Banda lilikuwa mbao tatu zilizopakwa rangi, kwenye kona ya jukwaa. Hapo ng'ombe alitakiwa kungoja dakika kumi na moja, wakati mfalme anaimba na kugombana na mawaziri wake. Kutoka ndani ya ngozi haikuwezekana. Zipu hufungwa na kufunguliwa kwa nje, na Kerry alikuwa upande wa pili wa jukwaa na kurunzi mdomoni.

Ndani ya ng'ombe mlikuwa na giza, joto, na harufu ya sponji kuukuu. Glenda alikuwa ameinama, paji la uso karibu na mgongo wa Desmond. Nje mfalme alianza wimbo wake. Dakika moja ikapita. Kisigino cha Desmond kilikuwa juu ya kidole gumba cha Glenda.

"Mwambie Bwana Prowse," Glenda alinong'ona, "amenikanyaga."

Mfalme akaingia ubeti wa pili.

"Umemwambia nani?" Desmond aliuliza kwa sauti ya chini.

Glenda alijaribu kuvuta kidole.

"Humu tumo wawili tu, Glenda. Mimi, wewe na ng'ombe." Akasogeza kisigino. "Samahani kwa kidole."

"Kidole si kitu."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Desmond baada ya miaka saba, na aliyasikia yakitoka kabla hajayaruhusu. Mfalme alifika kwenye kiitikio. Watoto mia tatu wakapiga makofi kufuata mdundo.

"Ile siku," Desmond alisema. "Niliposema hesabu ilitimia. Ilitimia kweli."

"Usianze."

"Tulitakiwa tuwe watu hamsini kwenye basi. Tukawa hamsini."

"Desmond, mimi nilikuwa nje. Hamsini toa moja ni arobaini na tisa. Ndiyo kazi yangu."

"Sawa. Na arobaini na tisa jumlisha mtoto wa watu?"

Glenda alitaka kujibu haraka, kisha maana ikamfikia. Alijaribu kuinuka, kichwa kikagonga uti wa mgongo wa ng'ombe, ambao ulikuwa waya.

"Mtoto gani?"

"Wa Wales. Basi la shule yao lilikuwa limesimama pembeni ya letu. Mvua ile, watoto wote wamevaa makoti ya bluu, kofia mpaka puani, wanafanana kama punje za mahindi. Alipanda basi letu, akakaa kwenye kiti chako, akalala usingizi wa pono. Tulimgundua Skelbeck, watoto wetu wote walipokwisha kushuka."

"Mungu wangu."

"Nikamtia kwenye gari langu nikampeleka kwao. Mwendo wa saa nne kwenda, wa saa nne kurudi. Ndiyo maana sikuja kukuchukua. Nilipiga simu kule kituoni, wakaniambia mama mwenye sweta ya kijani amepanda basi la wapiga kengele, anaimba."

"Ningekataaje kuimba? Wangeniona mchoyo." Akavuta mkanda wa Desmond. "Nani alihesabu?"

Nje, waziri mmoja alikuwa akimshauri mfalme aipige mvua marufuku.

"Nakuuliza, nani alihesabu watu kwenye basi?"

"Alikuwa na wiki tatu tu shuleni. Mtoto mmoja alikuwa anatapika, nikashika ndoo, karatasi ya majina nikamwachia yeye. Kosa ni langu. Lakini wangeandika nini? Mwanagenzi kachukua mtoto wa shule nyingine, kamvusha nusu ya nchi. Asingesimama mbele ya darasa tena maisha yake yote. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa mtu mwema. Wazazi wa mtoto hawakulalamika, yakaisha kimyakimya. Ila nilijua Jumatatu mtu atauliza hesabu ilikwendaje. Nikaona bora niwachekeshe. Mtu akicheka haulizi."

Katika ziara ile mwanagenzi alikuwa mmoja tu. Glenda hakuhitaji kutajiwa jina. Alimsikia hata sasa, ng'ambo ya jukwaa, akimnong'oneza mfalme maneno aliyosahau.

"Kwa hiyo ukawapa mimi wanicheke."

"Nikawapa wewe. Nilidhani utacheka nao, halafu jioni nitakueleza. Wewe ulikuwa rafiki yangu, nikajiona nina haki."

"Na kwa nini hukunieleza?"

"Ningekueleza vipi? Kupitia kwa Pauline?"

Glenda alifumba macho, ingawa gizani haikuleta tofauti. Miaka saba. Alikuwa amemkwepa mtu huyu kwenye korido, kwenye maegesho ya magari, kwenye mazishi ya mwalimu wa muziki. Mara mbili alikuwa amezunguka shule nzima kwenye theluji asipite mbele ya darasa lake. Alijisikia mjinga, tena alikuwa bado na hasira, na vitu hivyo viwili havikutaka kupeana nafasi.

"Unajua kwa nini niliachwa?" alisema.

"Ulikwenda msalani."

"Sikwenda msalani. Nilikuwa kwenye foleni ya chai. Ulikuwa umeingia mtoni tangu asubuhi, meno yanagongana. Nikasema nikununulie chai. Basi lilipoondoka nilikuwa nimesimama na vikombe viwili mkononi, changu na chako."

Mkanda aliokuwa ameushika ulitulia kabisa.

"Sikujua," alisema mwishowe.

"Ungejuaje. Halafu Jumatatu nasikia nimepungua."

"Glenda." Kichwa cha ng'ombe kiligeuka kidogo. "Uliifanyaje hiyo chai?"

"Niliinywa. Vikombe vyote viwili. Yako ilikuwa na sukari vijiko sita, Desmond. Sita. Nilipopanda kwa wale wazee nilikuwa natetemeka kama simu. Ndiyo maana niliimba."

Kitu kikapita kwenye mgongo wa Desmond, mtikisiko mdogo, kama gari linalokataa kuwaka. Glenda aliusikia kwa paji la uso. Akafikiri analia. Kisha akatambua anacheka, anajibana asicheke, na kicheko kilichobanwa ni ugonjwa wa kuambukiza kuliko tetekuwanga. Akajiuma mdomo. Haikusaidia. Alimwona yule mtoto wa Wales amelala kwenye kiti chake. Alijiona mwenyewe katikati ya wazee, macho yamemtoka kwa sukari, anaimba nyimbo za Pasaka mwezi wa Oktoba. Ng'ombe mzima akaanza kutetemeka, na banda nalo likatetemeka.

"Marigold wangu," Zarqa aliita nje, "Marigold wangu yuko wapi?"

"Bandani," walipaza watoto mia tatu, wakiwa wameshaona mbao zinatikisika.

Mlango ukafunguliwa. Marigold alitoka akicheka. Kiwele kilikuwa kinapunga vidole vyake vyote kwa hadhira.

"Kushoto," Desmond alisema, au alijaribu kusema.

Glenda, ambaye sasa alikuwa tayari kumtii kuliko mtu yeyote duniani, hakusikia sawasawa kwa kicheko, akaenda kulia. Kichwa kikaenda kwa mfalme, mkia ukaenda kwenye ukingo wa jukwaa. Ngozi ilivutika, ikalia, ikaachana katikati. Desmond akabaki mbele na kichwa na miguu miwili. Na nyuma, kwenye mwanga wa taa, mkuu wa idara ya hesabu akaibuka ameinama, nywele zimesimama wima, miwani imekaa upande, machozi ya kicheko yanamtiririka.

Ukumbi mzima ukakaa kimya. Kerry, pembeni, alifunika uso kwa karatasi zake.

Zarqa alimtazama Glenda juu mpaka chini, hakuharakisha. Akawageukia watoto.

"Jamani," alisema, "ng'ombe wangu amezaa."

Paa lilitaka kung'oka. Kelele zilipopungua kidogo, kitoto kimoja cha mstari wa mbele kikasimama juu ya kiti, kikauliza kwa sauti ya kutaka kujua kweli, "Mbona ndama amevaa miwani?"

"Anasoma sana," Zarqa alijibu.

Glenda alitazama nyuso zile mia tatu. Aliwaona walimu wenzake ukutani, wengine wamekaa chini kabisa, Pauline ameegemea redieta ya kupasha ukumbi joto, anajifuta macho. Miaka saba alikuwa amewaogopa watu hao wakicheka. Akapiga magoti kando ya miguu ya Desmond, akafungua kinywa, akalia kama ndama, sauti ndefu, nzito, iliyofika mpaka jikoni. Desmond akamjibu kwa sauti ya mama. Wakaenda London hivyo hivyo, mama na mwana, na mfalme alipoulizwa habari za mvua alicheka mpaka taji likamdondoka, hakujibu kitu, na hakuna aliyejali.

Ijumaa asubuhi Glenda aliingia ofisini. Desmond alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kunakili.

"Sogea," Glenda alimwambia. "Umeziba njia kama lori."

"Subiri zamu yako, bibie. Nina ramani thelathini."

Pauline aliweka kalamu chini. Aliwatazama kwa zamu, kisha akafungua droo, akatoa biskuti aliyokuwa ameificha kwa ajili ya siku maalumu, akaila polepole.

Wengine hawakufurahia kwa muda mrefu kama yeye. Ilibainika kwamba marafiki wale walikuwa na akiba ya ubishi ya miaka saba, na sasa waliitoa yote. Walibishana juu ya dirisha la chumba cha walimu, lifungwe au lifunguliwe. Juu ya nani aliharibu birika. Juu ya kama wingu lile juu ya kilima ni la mvua au la theluji, Desmond akiwa na elimu na Glenda akiwa na macho. Hadi adhuhuri mwalimu wa kemia alikuwa amehamishia chai yake maabara, akisema kwamba ukimya ulikuwa na faida zake.

Mchezo wa wazazi ulipangwa Jumatatu, siku ya kufunga shule, na wale vijana wa tetekuwanga walikuwa wamepona. Jumatatu hiyo, mapumziko ya asubuhi, Kerry alipanda tena mpaka darasani kwa Glenda. Alikuwa amebeba ng'ombe begani, nusu mbele, nusu nyuma.

"Nisaidie kushona," alisema. "Mimi nashona kama mtu anayechimba shimo."

Glenda aliondoa madaftari mezani. Wakaitandaza ngozi, kila mmoja akashika sindano yake, wakaanza kila mmoja upande wake kuelekea katikati. Nje watoto walikuwa wanakimbizana kwenye uwanja wa lami, na upepo ulikuwa unapeperusha pakiti tupu mpaka usawa wa madirisha.

"Kuna jambo nataka nikwambie," Kerry alianza. Sindano yake haikuwa inaenda popote. "Wiki ile nilikudanganya. Walimu wanne walijitolea kuvaa ng'ombe. Niliwakataa wote."

"Naam."

"Na kuna jambo jingine. La zamani. Kila mwaka nasema nitakueleza, na kila mwaka..."

"Alikuwa anaitwa nani?" Glenda aliuliza, macho kwenye uzi.

"Nani?"

"Yule mtoto wa Wales."

Kerry aliweka sindano chini. Rangi ilimpanda shingoni mpaka masikioni.

"Emrys," alisema. "Emrys Pugh."

"Alikuwaje?"

"Mpole. Tulipomwamsha alitazama dirishani, akasema, hapa si kwetu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia." Kerry alikuwa analia hata sasa, bila kelele. "Alikuwa amekula sandwichi zako. Zilikuwa kwenye kiti."

"Za yai zile? Nimejiuliza siku zote zilikwenda wapi."

"Aliomba nikushukuru. Na alisema..." Kerry alisita.

"Sema."

"Alisema hazikuwa na chumvi."

Glenda alifikiri kwa muda, amekunja uso, kama anayepima jawabu la mwanafunzi huku akitafuta sababu ya kumnyima alama.

"Ni kweli," alikiri. "Asubuhi ile niliharakisha. Shona, Kerry, muda unakwisha."

Walishona. Walipokutana katikati ya mgongo, Glenda alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. Mshono ulikuwa umepinda kidogo upande wa Kerry, lakini kwa mbali usingeonekana. Kengele ikalia, na ngazi zikaanza kunguruma kwa miguu ya watoto mia na ushei wanaopanda. Kerry akajifuta macho kwa sikio la ng'ombe, akambeba begani, akashuka kwenda kufundisha.